Tulivyopwelewa Songo Mnara: safari yangu ya kuitembea Kilwa kwa miguu

Nimefundisha historia sekondari hapa Lindi kwa miaka tisa, na kila mwaka ikifika mada ya miji ya pwani ninaichora Kilwa ubaoni: duara la kisiwa, mshale wa dhahabu kutoka Sofala, mshale wa vyombo kutoka Uchina, na mwaka 1505 nimeupigia mstari mwekundu. Wanafunzi wananakili, wanafaulu, wanaondoka. Mwaka huu binti mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, wewe umefika?" Nikamjibu kweli kwamba sijafika. Darasa zima likanyamaza. Kilwa ni wilaya ya mkoa wetu wenyewe. Watu wanatoka Ulaya kuiona, mimi wa Lindi ninaisoma kitabuni.

Nikaamua niende kwanza peke yangu, nijue njia na gharama, ndipo niwapeleke wao. Haya ninayoandika ni kwa mwalimu mwenzangu, au mzazi, au yeyote wa huku kwetu anayefikiria kufanya safari hiyo. Nilikosea mambo mengi, na karibu yote yangeepukika.

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijatoka nyumbani: nilipanga siku kwa kalenda ya ukutani, sikutazama mwezi. Nilizaliwa Nachingwea, bara, na ingawa nimeishi Lindi miaka mingi, bahari kwangu ilikuwa ya kutazamwa tu. Nikachagua wikiendi kwa sababu ndiyo nafasi niliyokuwa nayo. Kwamba maji hujaa na kupwa nilijua. Kwamba maji hayo ndiyo yangeniamulia nitembee wapi na saa ngapi, hilo sikulijua.

Ijumaa nilitoka saa sita mchana kwa basi la kwenda Dar es Salaam. Tukapita Mchinga, tukavuka Mbwemkuru, tukapita Kiranjeranje, na Nangurukuru nikateremka. Hapo ndipo njia ya Kilwa inapochepuka kutoka barabara kuu. Ukiwa huna usafiri wako unasubiri gari dogo lijae, na siku hiyo lilichelewa kujaa. Nilifika Kilwa Masoko jua linaelekea kuzama, ofisi zimefungwa. Kibali cha kuingia magofuni hukatwa Masoko, huku bara, kabla hujapanda chombo. Huwezi kukikatia ng'ambo. Mwenye nyumba ya wageni alinihurumia akanitafutia mtu wa kunisaidia asubuhi yake, lakini hiyo ilikuwa bahati. Kama unakwenda, fika siku ya kazi, saa za kazi, na kitambulisho chako mkononi, maana kiingilio cha raia ni kidogo sana kuliko cha mgeni na lazima uonyeshe kwamba wewe ni raia.

Jioni hiyohiyo pale ufukweni nikakutana na kijana aliyeniambia ana boti ya mashine, na kwa shilingi 180,000 atanipeleka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, visiwa viwili vya magofu, kwenda na kurudi, kwa siku moja. Nikakubali papo hapo. Sikuuliza boti ni ya nani, sikumwona nahodha, sikuuliza kama mafuta yamo. Asubuhi nikagundua kwamba yule ni dalali, nahodha ni mtu mwingine kabisa, na mafuta yananidai shilingi 20,000 zaidi. Nilitoa. Ningekuwa nimezungumza na nahodha mwenyewe tangu jioni, tena ningemsikiliza, nisingeandika nusu ya haya.

Nahodha alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye maneno machache. Aliniambia kabla hata hatujasukuma chombo: "Mwalimu, leo maji yanajaa saa tatu. Yakishaanza kupwa, Songo Mnara si pa kukaa. Chagua kimoja leo, kingine kesho." Mwezi ulikuwa na siku tano tangu kuandama. Mimi nikamwambia nimekwisha lipia vyote viwili, tutawahi.

Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni maji ya kilomita mbili tu hivi. Historia ya kale ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan kutoka Shirazi alikinunua kisiwa hiki kwa nguo za kutosha kukizungushia chote, kisha ukachimbwa mkondo kukitenga na bara ili aliyekiuza asirudi kwa miguu maji yakipwa. Habari hiyo nimeisimulia darasani mara nyingi sana. Pale katikati ya mkondo, maji ya kijani yanatupiga ubavuni, ndipo nilipoelewa kwamba ni hadithi ya watu wanaoyajua maji. Mji ulilindwa na bahari kwanza, kuta zikafuata.

Tulishukia karibu na Gereza. Hiyo ni ngome iliyojengwa na Waomani kama mwaka 1800 juu ya mabaki ya ngome ya Wareno, wale waliouvamia mji mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida na kuondoka mwaka 1512. Neno lenyewe gereza asili yake ni Kireno, lilikuwa na maana ya kanisa. Nilipiga picha mlangoni nikapita. Nilikuwa nimeshaanza kutazama saa.

Sasa niseme jinsi nilivyoitembea Kilwa siku ile, kwa sababu ni jambo linaloniuma mpaka leo. Niliikimbia. Kijana wa kuongoza wageni alikuwa ananieleza, mimi natangulia. Msikiti Mkuu dakika kumi, msikiti mdogo wa kuba dakika tano, jumba la Makutani nikaliona kwa mbali. Husuni Kubwa, jumba jingine la kale, sikufika kabisa, kwa sababu liko zaidi ya kilomita moja upande wa mashariki, na maji yakiwa yamejaa njia ya mikokoni haipitiki, inabidi kuzunguka kwa juu. Nikapita kati ya nyumba za watu kijijini nikiwa na simu mkononi, napiga picha za kuta. Saa tano kasoro tulikuwa tumeshaondoka. Mji uliojengwa kwa karne kadhaa niliupa chini ya saa mbili.

Songo Mnara tulifika saa sita. Mlango wake ni mikoko na tope, unaacha chombo unatembea majini. Nahodha akasema, "Saa moja tu, mwalimu. Isizidi." Nikasema sawa.

Ukitoka mikokoni unakutana na ukuta wa mji. Wengi wanaotafuta mji wa kale wenye ukuta wanautafuta mbali. Huu hapa, mkoani Lindi. Umebomoka sehemu nyingi, pengine umebaki kimo cha kiuno, pengine miti imeupasua, lakini unaweza kuufuata kwa miguu ukaona jinsi ulivyouzunguka mji. Ndani yake kuna misikiti mitano, jumba kubwa la kifalme, na nyumba za kuishi zaidi ya 30, za mawe ya matumbawe na chokaa, kutoka karne ya 14 hadi ya 16. Hizi nyumba ndizo zilizonishika. Unapanda ngazi, unaingia uani, unapita chumba cha mbele kwenda cha ndani, na kila ukuta una vidaka vyake. Vyumba ni virefu na vyembamba. Yule kijana mwongozaji akaniuliza kama najua sababu. Sikujua. Akanyoosha mikono kuniwekea kipimo: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Dari lilishikwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi mti mrefu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mikoko ile tuliyoipita tukilalamikia tope ndiyo iliyopima vyumba vya matajiri wa mji. Nilikaa kwenye kizingiti nikashika jiwe la mlango. Ukilitazama kwa karibu unaona vitundu vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki. Ni tumbawe, kiumbe cha baharini, limechongwa likiwa laini mpaka pembe zimekaa sawasawa.

Nikasahau saa. Kijana alinikumbusha mara mbili. Tuliporudi ilikuwa saa nane na nusu, na boti ilikuwa imelala ubavu kwenye tope. Tumepwelewa. Nahodha alikuwa amekaa kivulini anasuka kamba yake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Maji yatatunyanyua jua likienda chini."

Nilikuwa na chupa moja ya maji, nimeshainywa. Sikuwa na chakula, nilidhani nitakula Masoko. Simu ilikuwa inakaribia kuzima kwa sababu ya picha. Na miguu ilikuwa inavuja damu. Nilivaa ndala, tope likazivuta, nikavua nikatembea peku, na chaza walioshika mizizi ya mikoko wakanikata nyayo sehemu tatu. Tafadhali, ukienda Songo Mnara vaa raba za kufunga kwa kamba, zile unazoweza kuingia nazo majini. Ndala ni za Masoko. Beba lita tatu za maji kwa kila mtu, mihogo ya kuchemsha au mkate, na chumvi kidogo ya kuoshea jeraha. Nahodha alinigawia maji yake na kipande cha muhogo, na aibu niliyoipata wakati ninapokea sitaisahau.

Chombo kilianza kuyumba saa kumi na moja na nusu. Tulipotoka mikokoni giza lilikuwa limeingia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Hakukuwa na jaketi la kujiokolea hata moja ndani ya boti, wala mimi sikuwa nimeuliza asubuhi. Mashine ilizimika mara moja katikati ya maji, na kwa muda ambao nahodha anavuta kamba kuiwasha, nilisoma kila dua ninayoijua. Nilimfikiria yule binti aliyeniuliza swali. Nikafikiria kwamba ningeweza kuwa na watoto 34 wa watu ndani ya vyombo kama hiki, gizani. Mashine ikawaka. Kamwezi kembamba kalikuwa bado angani, na taa za Masoko zikaonekana.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimepanga kurudi Lindi Jumapili asubuhi. Badala yake nikampigia nahodha nikamwomba anivushe tena, Kisiwani peke yake, kwa mashua ya tanga, pamoja na watu wanaokwenda zao. Akacheka. Nauli ikawa shilingi elfu chache.

Upepo ulikuwa mdogo, tukachukua karibu dakika 40. Nilishuka sina haraka. Nikajifunga kanga vizuri na mtandio kichwani, tukaanza kwa kupita kijijini. Kwenye nyumba moja kulikuwa na bibi amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi. Habari za hapa?"

"Nzuri." Akaendelea kusuka kidogo. "Jana ulipita hapa hukusalimu."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi. Akasema haidhuru, wageni wengi hupita hivyo, akadhani mimi ni mgeni wa mbali. Nilipomwambia natoka Lindi na ni mwalimu, aliweka ukili chini akanitazama vizuri. "Basi ndiyo makubwa," akasema. Akanikaribisha nikae. Nilikaa pale karibu nusu saa, naye akanieleza mambo ambayo kwenye kitabu changu hayamo: visima gani vilikuwa na maji matamu, mahali ambapo bahari imekula ardhi tangu utotoni mwake, kuta ambazo watoto huambiwa wasizipande. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, na mwaka 2004 vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, hadi vilipotolewa mwaka 2014. Mimi nilizijua tarehe hizo. Bibi alijua ni upande gani wa ufuo ulimomonyoka na mikoko ikapandwa wapi.

Msikiti Mkuu niliingia kutoka upande wa kaskazini, sehemu ya kale, ya karne ya 11. Sehemu ile haina paa tena, jua linaingia moja kwa moja. Kisha unapita kwenye upanuzi wa karne ya 14, uliotengenezwa upya karne iliyofuata, na hapo ghafla ni baridi. Nguzo zimepangana, matao juu yake, kuba baada ya kuba. Nguzo zina pembe nane. Niliiwekea kiganja moja, nikasikia ubaridi wa chokaa, halafu nikazungumza kwa sauti ndogo, na sauti ikanirudia kutoka kwenye kuba. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Niliposoma hilo chuoni nililichukulia kama sifa za msafiri yeyote. Mle ndani nilimwamini.

Njiani kwenda Husuni nilifanya kosa lingine, dogo, lakini nalisema kwa sababu wanafunzi watalifanya wote. Kwenye njia palikuwa na kigae kidogo, kama ukucha wa kidole gumba, rangi ya kijani kibichi inayong'aa, na mpasuko wake mweupe kijivu. Nikakiokota. Moyo ulinidunda. Hiki ndicho kile kichwa cha mshale ninachokichora ubaoni, chombo cha Uchina, kiko kiganjani mwangu. Nilikuwa nimeshaanza kukifungia kwenye leso, nikionyeshe darasani. Kijana akaniambia kwa upole, "Mwalimu, kirudishe palepale. Kikitoka mahali pake kinakuwa kipande cha sahani tu." Akanieleza kwamba wachimbaji wa mambo ya kale husoma umri wa sakafu kwa vigae vilivyolala juu yake. Nilikirudisha, upande uleule ulionitazama. Nilipiga picha na nimewaonyesha wanafunzi picha.

Husuni Kubwa iko kwenye jabali juu ya bahari. Ni jumba la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya 100, na katikati yake kuna hodhi la kuogea la pembe nane, limezama chini ya usawa wa sakafu. Nilikaa ukingoni mwake, mbele yangu bahari yote iko wazi. Ukiwa pale unaelewa biashara: chombo chochote kinachoingia bandarini, mwenye jumba anakiona kwanza. Ng'ambo ya korongo dogo iko Husuni Ndogo, kuta nene zilizozunguka uwanja mtupu. Nilizizunguka zote kwa miguu. Nilimweleza kijana habari ya sarafu tano za shaba za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha kaskazini mwa Australia, na yeye hiyo hakuwa ameisikia. Tukafurahi wote wawili. Kurudi, maji yalikuwa yamepwa, tukapita ufukweni kupitia mikokoni, njia ileile ambayo jana yake haikuwepo.

Kuhusu fedha niseme wazi, maana niliwahi kutafuta habari hizi nikazikosa. Nilipanga kutumia shilingi 150,000. Nilitumia karibu 340,000, na zaidi ya nusu ilikwenda kwenye ile boti moja ya Jumamosi niliyoikodi peke yangu. Boti hiyohiyo mkiwa sita, kila mmoja anatoa kama 33,000. Kisiwani ukienda kwa mashua ya tanga pamoja na abiria wengine ni nafuu kabisa, tena unaona zaidi. Mwongozaji mlipe vizuri wala usimbane bei. Yule kijana bila yeye ningerudi na picha za kuta tu. Ukiweza, toa siku mbili kamili, moja kwa kila kisiwa, na Songo Mnara uiweke siku ambayo nahodha mwenyewe ndiye amekuchagulia saa. Mpigie wiki moja kabla, mwulize bamvua, yaani maji makubwa, ni lini, umwache aseme.

Wanafunzi wangu wanakwenda mwishoni mwa Septemba. Hawaendi Songo Mnara mara hii, nimelifunga hilo, hadi nipate boti zenye majaketi ya kuwatosha wote. Wanakwenda Kisiwani, makundi mawili, na kila mmoja amepewa kazi ya kuandika kwenye daftari maji yanajaa saa ngapi kila siku kuanzia sasa. Yule binti wa kidato cha pili ndiye anayekusanya. Tutashukia Gereza, na kabla ya msikiti tutapita kwanza barazani kwa bibi. Nimempelekea bibi salamu kupitia nahodha, naye bibi amejibu kwamba atatungoja, na kwamba tusisahau kumletea ukindu wa huku kwetu.